Mbembeo wa Kwanza

4 Januari

Kwako Kaka Profesa,

Shikamoo. Umenizidi miaka miwili tu, lakini Mama amesimama nyuma yangu na futi ya shingoni, anahakikisha nimeiandika.

Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua kidogo, na unajua sababu: shule zinakaribia kufunguliwa, sketi za marinda zimejaa chumba cha mbele mpaka juu ya kabati, na wazazi wamebanana mlangoni kila mmoja anataka ya mwanawe kwanza. Baba yuko barabarani na lori lake. Alipiga simu juzi, akauliza kama viatu vyako bado vinakutosha. Tungekuuliza wewe mwenyewe, ila shule yenu na marufuku yake ya simu, basi tena, tunalamba stempu kama watu wa zamani.

Sasa nisikilize. Nimejiandikisha mchujo wa darasa la fizikia ya juu, hapo hapo kwenu. Nafasi ni kumi na mbili, na waliojiandikisha mimi nimeacha kuwahesabu. Nusu ya alama ni karatasi, nusu ni vitendo. Mtihani utafanyika hapa mjini tarehe 20 Aprili, na msimamizi wa vitendo atakuwa mwalimu wenu, yule mnayemwita Desimali. Mchujo haurudiwi. Nikikosa, Mama ameshasema nitakaa kwenye cherehani ya pili. Hakusema kwa ubaya, masikini, lakini ile cherehani ameshaitia mafuta na kuifunika kitambaa kipya, na kila nikipita naona kama inanitazama.

Karatasi siiogopi. Shida yangu ni vitendo. Nimefunga nati kwenye uzi wa Mama, nimeuning'iniza kwenye fremu ya mlango, naubembeza na kuhesabu, kama tulivyofanya likizo, wewe ukihesabu mimi nikishika saa. Naipigia hesabu ile g, namba ya mvuto wa dunia, ambayo kila kitabu kinasema ni tisa nukta nane. Mimi napata kumi nukta tisa. Jana nimepata kumi nukta tisa. Leo tena! Hata likizo ile tulipata hiyo hiyo, ukasema uzi mbovu, ukaenda kucheza mpira.

Nakosea wapi? Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Kiherehere


21 Januari

Kwako Kiherehere,

Marahaba, na usiniandikie tena shikamoo ya kusimamiwa na futi. Mimi ni mzima wa afya. Chakula cha hapa kinaliwa kwa sababu kipo. Mwambie Baba viatu bado vinanitosha, ila vidole vimeanza kulalamika. Mama apumzishe mgongo, na hao wazazi wa sketi wapange foleni kama watu wazima.

Kwa hiyo unataka kuja kunifuata huku! Jamani, hata shuleni sitaachiwa nipumue. Haya, sikiliza mkubwa wako. Kwenye karatasi, chora kwanza, kokotoa baadaye. Mshale wa kila kani uwepo kwenye mchoro kabla hujagusa kikokotoo. Fanya kazi kwa herufi mpaka mstari wa mwisho, ndipo uingize namba. Usiandike jibu bila kipimo chake, Desimali akiona "tano" peke yake huuliza, "Tano nini? Tano ndizi?" Na rudia sura ya mawimbi, ndiyo inayowaangusha wengi.

Kuhusu pendulamu, uzi wako unavutika, au kidole chako kizito kwenye saa. Pima tena taratibu, usiwe na papara.

Niishie hapa. Wiki hii tunapima lenzi, maabara haitupi hata nafasi ya kukohoa.

Kakako,
Profesa


3 Februari

Kwako Kaka,

Shikamoo, na hii ni ya hiari.

Barua yako niliisoma kwa sauti huku Mama akishona. Alicheka sana ile ya ndizi, sasa kila mteja akisema anataka vitatu, Mama anamuuliza, "Vitatu nini?" Mgongo umepungua. Mwenye nyumba amepaka rangi ukuta wa nje, rangi ya ajabu ajabu, hata sijui niiiteje.

Nimefanya yote uliyosema. Nimebadilisha uzi, nimeweka ule mnene wa kushonea mifuko. Nikaishuku futi ya Mama kwamba imevutika, nikailinganisha na rula ya chuma ya fundi seremala wa mlango wa pili. Ziko sawasawa. Kidole changu nimekipima pia: nimewasha na kuzima saa mpaka Mama akaniuliza kama nimeingiwa na kitu. Kumi nukta tisa haitoki. Kaka, nimeanza kuiota.

Naomba unitumie vipimo vyako vya mwaka jana, vile ulivyofanya mbele ya Desimali. Urefu wa uzi, idadi ya mibembeo, muda. Nitavilinganisha na vyangu nione tunapopishana. Mbona ni kitu kidogo tu.

Jambo jingine sijui nilisemeje. Fundi friji alikuja kuchukua suruali yake. Alikuwa huko kwenu wiki ya lenzi, akitengeneza friji ya jikoni, na ndiye aliyetuletea salamu zako. Anasema alikukuta maktaba, peke yako, na wenzako wote walikuwa maabara na makoti yao meupe. Mama akasimamisha cherehani. Nikawahi kusema kwamba wewe umewatangulia wenzako, unasoma ya mbele. Mama akaendelea kushona akitabasamu, na fundi friji akapewa punguzo.

Ndivyo ilivyo, sivyo?

Kiherehere


26 Februari

Kwako Kiherehere,

Usimsomee Mama barua hii. Msomee salamu tu: mimi mzima, nasoma kwa bidii, nashukuru kwa soksi mlizonitumia.

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mambo mengi. Vipimo ulivyoomba viko nyuma ya ukurasa huu. Urefu wa aina nne, mibembeo ishirini kila mmoja. Utaona zote zinakupa tisa nukta nane.

Sasa nikwambie kitu ambacho kila mtu hapa anakijua na hakiandikwi popote. Jibu la g linajulikana. Halitabadilika kwa sababu wewe umebembeza nati mlangoni. Kwa hiyo siku ya mtihani usihangaike. Anza na tisa nukta nane, rudi nyuma, tafuta muda ambao ungetakiwa kuupata, uandike, ongeza na kupunguza kidogo pale mwishoni ili zisifanane mno. Inaitwa kupika, na wapishi ni wengi kuliko unavyodhani. Wewe una akili, karatasi utaifanya vizuri, sitaki uangushwe na uzi.

Na huyo fundi friji aangalie friji zake.

Profesa


9 Machi

Kaka,

Salamu zote za nyumbani ni nzuri. Nimeruka kama ulivyotaka. Mama akasema, "Mbona fupi hivi, karatasi nzima ina soksi tu?" Nikamwambia umeandika kwa herufi kubwa. Ameniamini, na mimi nimejisikia vibaya siku nzima.

Nilijaribu kupika. Nakwambia ukweli, nilikaa na kalamu nikarudi nyuma kama ulivyonielekeza, na namba zikatoka nzuri. Halafu nikaona aibu hata ya kuzitazama, nikazichana.

Badala yake nikajiuliza, kwani lazima iwe ishirini? Nikahesabu mibembeo kumi. Nikapata kumi na mbili na zaidi! Nikatamani kulia. Nikahesabu hamsini, mkono ukiuma, nikapata kumi nukta mbili. Hapo nikakaa chini. Nikihesabu kidogo kosa linakuwa kubwa, nikihesabu nyingi linapungua. Futi ikiwa mbovu, itakuwa mbovu vile vile kwa zote. Hili ni kosa moja dogo, la ukubwa ule ule kila mara, ambalo kwenye hamsini linapotea na kwenye kumi linatawala. Ni kama vile kuna mbembeo mmoja unakosekana. Lakini nauacha wapi?

Nimehangaika nalo siku kadhaa. Juzi Mama akaniambia nimpigie alama za chaki kwenye sketi, marinda ishirini. Nikaweka alama ya kwanza ukingoni, nikasema "moja", kama tulivyofundishwa tangu tukiwa na meno ya utoto. Nikaenda mpaka ishirini, nikainuka. Mama akaniita, "Na ya mlango?" Nikarudi, nikaweka ile moja ya ziada ya mwisho, maana bila hiyo rinda la ishirini halina pa kufungia. Chaki ikanidondoka mkononi.

Kaka, alama ishirini zinakupa marinda kumi na tisa. Sisi tunasema "moja" kabla rinda halijapatikana. Na kwenye uzi, tunasema "moja" pale pale tunapoachia nati, kabla haijabembea hata kidogo. Ishirini zetu ni kumi na tisa. Mama ana alama yake ya mlango ya kurekebisha mambo, sisi tumechukua mwanzo wake tukasahau mwisho. Nimeanza upya, nimeachia nati nikasema "sifuri", na "moja" nikaisema iliporudi. Tisa nukta saba, tisa nukta nane, tisa nukta nane, tisa nukta tisa. Nilipiga kelele mpaka mteja akajichoma pini.

Furaha ikaisha nilipochukua karatasi yako.

Wewe ndiye uliyehesabu likizo. Nilikuwa nimekaa miguuni pako na saa. Uliachia nati ukasema "moja". Unahesabu kama mimi, tumefundishwa kwenye meza moja, na kwa kuhesabu hivyo mtu hawezi kupata tisa nukta nane. Haiwezekani, Kaka, hata ukibembeza mwaka mzima. Namba zako zimenyooka kama zimepigwa pasi.

Umezitoa wapi? Na kwa nini hukuwa maabara?

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nijibu.

Mdogo wako


28 Machi

Kaka,

Hatujambo. Baba amerudi, amelala, ameondoka. Amekuachia viatu vipya, viko kwenye kabati.

Hujanijibu. Mama ameanza kuuliza. Nimemwambia posta inasuasua, na sasa posta imechoka kusingiziwa.

Nakuandikia kukupa taarifa moja. Mama amejua kwamba Desimali ndiye atakayesimamia vitendo hapa tarehe 20. Amesema atanisindikiza, atamngoja getini, amshukuru kwa kumlea mwanawe na amuulize maendeleo yako. Ameshajikatia kitambaa cha gauni, la kijani. Anaanza kulishona kesho.

Nilidhani ni vizuri ujue.

Mdogo wako


4 Aprili

Kiherehere,

Mzuie. Nakuomba, mwambie mwalimu amebadilishwa, mwambie anakuja mwingine, mwambie lolote. Mama asionane na yule mwalimu.

Nimeandika mstari huo, nikaamka, nikazunguka bweni, nikarudi. Barua yako ya Machi nimekaa nayo muda wote huu. Mara ya kwanza nilipoisoma nilikasirika mpaka nikaitupa chini ya kitanda. Kitoto cha juzi kinanipekua kama polisi! Mara ya pili sikuwa na hasira tena, nikawa naogopa tu.

Haya. Wiki yangu ya kwanza hapa tulipewa pendulamu. Nilipata kumi nukta tisa. Tulikuwa tunasoma majibu kwa sauti, kila mtu tisa na kitu, zamu yangu ikafika nikasoma langu, na darasa zima likaangua kicheko. Mmoja akaniuliza natoka sayari gani. Nilirudia mara tatu jioni ile, nikapata lile lile, nikaamini mikono yangu ina kasoro. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika namba yangu mwenyewe. Lenzi, waya, springi, zote nilipika, na nikasifiwa. Profesa, Profesa. Jina nilianza kuitwa nyumbani, likanifuata huku, na likanikaa kama koti la kuazima.

Desimali alinishuku. Mwishoni mwa mwaka alitupa springi, tupime ugumu wake. Ya meza yangu aliibadilisha makusudi, akaniwekea laini kuliko za wenzangu, na mimi nikaandika jibu lile lile la wenzangu. Hakunipigia kelele. Aliifungua springi yangu, akaiweka mezani kando ya nyingine, zikaonekana. Akasema, "Ukiwa tayari kuniletea namba yako mwenyewe, hata iwe mbaya kiasi gani, mlango uko wazi. Mpaka hapo, maktaba." Mwisho wa Aprili, kama sijaenda, ananiondoa kwenye fizikia.

Sijaenda. Ningeendaje, nikapate kumi nukta tisa mbele ya macho yake? Hata hiyo sifuri yako sijathubutu kuijaribu. Ikikataa, itakuwa sina tena pa kujificha.

Nilikwambia upike kwa sababu sikutaka uchekwe. Naapa ni hilo tu. Usifanye. Atakuona tangu mbali.

Maji yamenifika shingoni, mdogo wangu. Mzuie Mama.

Mimi


9 Aprili

Kaka yangu,

Nimelia, nimemaliza, sasa nakuandikia.

Mama simzuii. Nimeshamdanganya kuhusu maktaba, kuhusu soksi, na kuhusu posta, na kila nikimdanganya ananiamini zaidi. Siwezi tena. Ila sitamwambia pia, maana habari si yangu. Ni yako, na miguu unayo.

Mikono yako haina kasoro! Unasikia? Kumi nukta tisa ilikuwa kipimo kizuri kabisa cha mtu aliyehesabu vibaya. Ulipima vizuri mara tatu mfululizo, ukapata jibu lile lile, na hao waliokucheka huenda nusu yao walikuwa wapishi. Nimekasirika kwa niaba yako mpaka nimevunja sindano ya Mama.

Kwenye bahasha utakuta uzi. Ni ule mnene wa mifuko, wa bluu. Nimeupima kwa rula ya seremala na kuutia alama mbili za kalamu, mita moja kutoka alama mpaka alama. Nati tafuta huko, shule haikosi kitanda kilicholegea. Alama moja iwe pale unapofunga, nyingine katikati ya nati. Ukiachia, sema sifuri. Iseme kwa sauti hata kama uko peke yako.

Gauni la Mama limebaki vifungo.

Kiherehere


21 Aprili

Kwako Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na mtihani umepita jana. Nakueleza yote kwa mpangilio, usiniharakishe.

Karatasi ilikwenda salama. Nilichora kwanza. Mawimbi yalikuwepo, maswali mawili ya kutisha na moja rahisi.

Vitendo tuliingia sita sita. Mezani kwangu hakukuwa na uzi. Kulikuwa na springi, mzigo na saa: vuta kidogo, achia, pima muda wa mibembeo, utafute ugumu. Springi, Kaka! Nilikukumbuka wewe. Nikaachia, nikasema "sifuri", na kumbe nimesema kwa sauti, maana msichana wa meza ya pili aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Vipimo vinne vikapanga mstari. Cha tano kikatoka nje, mbali na wenzake. Nilikirudia, muda haukutosha kurudia tena. Futio lilikuwa pale pale mkononi. Nilijua kabisa kilitakiwa kuwa ngapi.

Desimali akaja akasimama. Ni mfupi kuliko nilivyomfikiria. Akagusa kile kipimo kwa ncha ya penseli, akasema, "Hiki mbona kimetoka nje?"

Nikamwambia, "Sijui, Mwalimu. Ndivyo kilivyotoka."

Akaenda meza nyingine. Uso wake haukunionyesha kitu, na mpaka sasa sijui kama nimejichongea au la.

Tulipotoka, Mama alikuwa getini na gauni lake la kijani. Nilitamani ardhi ifunguke. Akamkabili, "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama yake Profesa."

"Profesa yupi?" akauliza.

Mama akamweleza, kwa fahari zote, mwanangu mrefu, wa mwaka wa pili, mwenye kovu la pasi mkononi. Desimali akasema, "Aa. Huyo." Halafu akanitazama mimi. Kaka, sijawahi kuogopa vile. Nilishika mkoba wa Mama kwa nguvu mpaka akanitoa mkono.

Akasema, "Alikuja kwangu Alhamisi. Alikuwa na uzi mfukoni, wa bluu."

Nikashindwa kujizuia, nikauliza, "Akapata ngapi?"

"Tisa nukta sita."

"Si nane?"

"Si nane," akasema. "Sita, na ni yake. Jumatatu anarudi maabara." Akafunga mkoba wake, halafu akageuka tena. "Alianza kuhesabu na sifuri, kwa sauti. Na wewe leo nimekusikia. Nani amewafundisha?"

Mama akajibu, kifua mbele, "Kuhesabu? Nimewafundisha mimi mwenyewe, Mwalimu, mezani kwangu."

Desimali akamshika mkono kwa mikono miwili. Mama mpaka nyumbani alikuwa anasema mwalimu ana adabu.

Ulikwenda! Na hukuniambia! Nilikuwa nakwenda pale getini kama mtu anayepelekwa kufungwa, kumbe ulishakwenda. Nakupenda na nitakupiga.

Lakini kuna hili. Jioni Mama alivua gauni, akakaa kwenye cherehani, akashona kidogo, akasimama. Akauliza, "Anarudi maabara? Kwani alikuwa ametoka?" Nikamwambia sijui. Hakuuliza tena. Tangu jana anashona bila kuimba, na jina lako hajalitaja. Mimi nimefika mwisho wangu, Kaka. Zamu yako.

Kiherehere


5 Mei

Kwako Kiherehere,

Barua hii msomee Mama, kwa sauti, kuanzia salamu mpaka mwisho. Usiruke hata neno. Majina ya waliopita mchujo yamebandikwa leo kwenye ubao wa ofisi, na habari yako nimeiweka chini kabisa ya barua makusudi, kwa sababu nakujua. Usishuke kuitazama. Rudisha macho juu.

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Viatu vimenifika, vimenikaa vizuri, mwambie Baba ahsante.

Mama, mwaka mzima niliwadanganya. Nilikuwa naandika maabarani namba ambazo sikuzipima. Mwalimu alinigundua, akanitoa, na tangu Januari nilikuwa nakaa maktaba wakati wenzangu wanafanya kazi. Fundi friji alisema kweli, usimnyime punguzo. Mdogo wangu alikudanganya kwa ajili yangu, mkasirikie kidogo tu, mimi nikasirikie sana. Nilianza kwa kuchekwa, nikaendelea kwa kusifiwa, na sifa ndizo zilizonishinda kuziacha. Nilipokuwa nasikia unawaambia wateja kuhusu mimi, nilikuwa nakimbilia uani. Sikimbii tena. Niko mezani kwangu maabara. Wiki iliyopita nilipima lenzi, jibu langu lilikuwa baya kuliko la wote, nikalisoma kwa sauti, na darasa likacheka kidogo. Nikalisoma tena kwa wale waliokuwa nyuma.

Mwalimu amenipa alama ndogo za muhula. Ndogo kweli. Nitazileta nyumbani uzione.

Naomba radhi, Mama. Najua Kiherehere hapa ameanza kusoma mbio. Mpe maji, halafu mwangalie usoni umuulize kama amesoma yote.

Haya, mdogo wangu. Ile cherehani ya pili mwambie Mama aifunike. Umo. Wa saba kutoka juu. Nimehesabu mara mbili, kidole kwenye kioo cha ubao, na majina yanaanzia moja, usinibishie.

Kakako